Rezervwari ya Pili na Pompe Yake mu Gari la Barabara Mbaya



Yeyote aliyesafiri toka Lubumbashi kwenda Kasenga anajua ile harufu. Gari limejaa watu, mizigo iko juu, na kati ya miguu ya abiria kumewekwa bido tatu ao ine za mafuta, kwa sababu kule mbele bei inapanda na siku zingine hayapatikane hata kidogo. Sisi tuliisha kupanda gari la namna ile. Bido moja ya esanse ilikuwa inavuja pa kifuniko. Wamama walifunika pua na vitambaa, watoto wakatapika. Gari likasimama mu kijiji, na hatua tatu tu toka mulango wa nyuma mama mumoja alikuwa anachoma mihogo ku mbabula. Hakuna kitu kilichotokea. Lakini tangu siku ile tunajiuliza: mafuta ya safari ndefu yanapashwa kukaa wapi mu gari, na yafike ku motere kwa njia gani?

Tuanze na mafuta yenyewe. Wengi wanafikiri kama esanse ikiwaka ni maji yake yanawaka. Hapana, ni mvuke. Esanse inatoa mvuke wa kutosha kuwaka hata mu baridi ya digri 40 chini ya sufuri, na ule mvuke ni muzito kupita hewa mara tatu mpaka ine. Haupande juu kama moshi. Unatambaa chini, unajaza sakafu ya gari, unashuka mpaka kwenye mbabula. Mazutu iko na upole zaidi, inangoja joto lipite karibu digri 55. Ile njo sababu bido ya esanse ndani ya gari la watu ni kosa, na bido ya mazutu si nzuri vilevile, kwa maana gari likipinduka bido inaruka kama jiwe.

Sasa tufanye hesabu, kama yule mujenzi wa munara mu Luka 14. Kasenga ni karibu kilometre 200. Kwenda na kurudi ni 400. Tuseme jeep yetu inakula lita 15 kwa kilometre 100 wakati wa kiangazi. Mu mvua, kati ya mwezi wa 11 na wa 4, unaenda na vitesi vidogo mu matope. Tuhesabu lita 25. Safari nzima ni lita 100. Rezervwari ya lita 90 haitoshi. Toyota Land Cruiser HZJ 78 kuko zinazotoka ku kiwanda na rezervwari mbili za lita 90, zote chini ya sakafu, inje ya nyumba ya watu. Yule ambaye gari lake liko na moja tu, atengeneze ya pili.

Mafundi wengine watawaambia juu ya rezervwari ya mufuko, ile ya magari ya mashindano. Ni mufuko wa mupira wenye nguvu ndani ya sanduku la chuma, na ndani ya mufuko kuko sponji yenye matundu. Historia yake ni ya huzuni. Tarehe 30 mwezi wa 5 mwaka 1964, mu mashindano ya Indianapolis kule Marekani, Eddie Sachs na Dave MacDonald waliungua na esanse wakafa. Kisha ile ajali mufuko ukaanza kuombwa kwa nguvu, maana chuma kikigongwa kinapasuka, lakini mupira unajikunja. Na sponji inazuia mafuta kuruka huku na huku. Ni kitu kizuri sana. Lakini mupira unazeeka: sheria za mashindano zinaupa miaka 5, na kama mwenye kuutengeneza akiupima tena, 2 ya kuongeza. Sponji nayo ikizeeka inakatika vipande vidogo, inaziba filtre. Kwa gari la paroisi ao la hospitali ya mu kijiji, sisi tunaona ni franka za kutupa. Tuchukue akili yake tu: kuzuia mafuta kutikisika, na kuzuia yasimwangike gari likilala.

Rezervwari ya toli ya milimetre 2, yenye sentimetre 60 kwa 50 kwa 30, inaingia lita 90. Usiijaze yote. Mafuta yanavimba mu joto: lita 100 za esanse zikipata digri 20 zaidi zinaongezeka karibu lita 2. Acha sehemu 5 kwa 100. Unabaki na lita 85. Lita 85 za mazutu ni kilo 71, na toli yenyewe karibu kilo 20. Ni uzito wa mutu mukubwa mwenye mwili! Kwa hiyo iwekwe chini, katikati ya shasi, si kwenye paa. Isishuke kupita difu ya nyuma, isikaribie eshapema. Ndani weka kuta mbili zenye matundu. Usiikaze chuma kwa chuma, kwa sababu shasi inajipinda mu mashimo na rezervwari itapasuka pa pembe. Katikati weka vipande vya mupira. Toli ya bati iliyopakwa zinki haifai kwa mazutu, inaharibu mafuta na filtre. Tundu la kupumua litoke juu, tiyo yake ipande, izunguke mbele ya kushuka, na iwe na kasupape kanakojifunga gari likipinduka.

Hapa tunasimama kidogo, juu ya sudire. Mu Katuba kila avenue iko na fundi wa sudire, na kuko wenye kumuletea rezervwari ya zamani inayovuja: « Baba, ni tupu, funga tu ile tundu. » Tupu njo hatari. Rezervwari iliyojaa iko na hewa kidogo. Ile tupu iko na mvuke na hewa vikiwa vimechanganyika, inangoja tu cheche. Maji ya sabuni mara moja hayatoshi, mafuta yanabaki mu mikunjo ya toli na joto la moto linayatoa tena. Sisi tunasema: rezervwari iliyoisha kubeba esanse isiguswe na sudire kabisa. Tengeneza mupya. Na mupya ipimwe mbele ya kutia mafuta: funga matundu yote, tia hewa kidogo, usipite bari 0,2, paka maji ya sabuni, angalia mapovu.

Tufike kwa pompe. Pompe ya kuvuta haivute kweli. Ni hewa ya inje inayosukuma mafuta mu tiyo. Pembeni ya bahari hewa inasukuma na milibari 1013. Lubumbashi, karibu metre 1,200 juu, ni karibu 880 tu. Ongeza joto la mwezi wa 10, na esanse inaanza kuchemka ndani ya tiyo, motere inazima juu ya mulima. Ndiyo maana pompe ya umeme iwekwe nyuma, chini, karibu na rezervwari, isukume, isivute.

Pompe gani? Motere ya karburateri inaomba bari 0,2 mpaka 0,4. Motere ya esanse yenye injeksio inaomba mara nyingi karibu 3. Tuliona mutu aliyenunua pompe ya injeksio ku soko kwa bei nzuri akaiweka ku karburateri: esanse ilishinda sindano, ikamwangika juu ya motere ya moto. Mbele ya kununua, uliza bari, usiulize bei tu.

Kwa mazutu mambo ni mengine. Motere 1HZ, ile ya silinda 6 na lita 4,2, iko na pompe ndogo ndani ya pompe ya injeksio, inajivutia yenyewe. Tena sehemu ya mazutu inarudi ku rezervwari. Ukiweka robine ya kubadilisha njia ya kwenda peke yake, utavuta ku ya pili na marudio yatajaza ya kwanza mpaka imwangike. Robine ibadilishe njia zote mbili. Ao, na sisi tunapenda hii, pompe ndogo ya umeme ihamishe mazutu toka ya pili kwenda ya kwanza, na motere isijue kitu.

Shofere ajue hesabu. Pompe ya lita 100 kwa saa, ya kwanza imebaki na robo, lita 22. Akiisahau, lita 85 zote zitaingia: 107 mu fasi ya 90. Afungue dakika 30 tu, afunge. Filtre iwe mbele ya pompe, fizible karibu na batri, na waya upitie kontakti. Pompe ya esanse inayolisha motere ipitie tena kwenye kipimo cha presio ya mafuta ya motere, ili motere ikizima mu ajali pompe isiendelee kumwanga. Kisha kilometre 50 za kwanza, lala chini ya gari, kaza kolye zote, pitisha kitambaa kikavu ku tiyo, nusa.

Zoezi kwa wale wa mekaniki: rezervwari iko na sentimetre 70 kwa 45 kwa 30. Itabeba lita ngapi, tukiacha 5 kwa 100? Ile ya kwanza ni ya lita 90 na imebaki na 30. Pompe inatoa lita 80 kwa saa, gari limesimama. Shofere afunge kisha dakika ngapi, ili ya kwanza nayo isipite lita 85? Majibu muyaweke mu sanduku la buletini mbele ya siku ya tano.