Je, Tumeambiwa ya Kutosha? Lugha ya Swali la Uwezekano

Lengo la makala haya ni kuchunguza hali ambapo swali la uwezekano huonekana kuwa kamili ilhali maelezo yake hayatoshi kutoa jibu. Aghalabu suala hili huachiwa wanahisabati. Hata hivyo, upungufu wenyewe hujificha katika lugha, na hapo mwanafunzi wa Kiswahili ana la kusema.

Mnamo 1959, Martin Gardner aliuliza katika jarida la Scientific American swali tunaloweza kuliwasilisha hivi: Bwana fulani ana watoto wawili. Angalau mmoja wao ni mvulana. Je, kuna uwezekano gani kwamba wote wawili ni wavulana? Jibu lake lilikuwa 1/3. Baadaye alikiri kwamba swali lilikuwa na utata.

Tuchukulie kwamba mvulana na msichana wana nafasi sawa ya kuzaliwa, na kwamba jinsia ya mmoja haiathiri ya mwenzake. (Dhana hizi hazimo katika swali; tumezileta sisi.) Tukianza na mkubwa, mipangilio ni minne: mvulana na mvulana, mvulana na msichana, msichana na mvulana, msichana na msichana. Tukiuondoa wa mwisho, yabaki mitatu. Ndipo 1/3 inapopatikana.

Lakini tulijuaje kuwa yupo mvulana? Ikiwa baba aliulizwa, "Je, una mtoto wa kiume?" naye akaitikia, 1/3 ni sahihi. Ikiwa alitaja tu jinsia ya mtoto mmoja aliyemjia akilini bila upendeleo, jibu ni 1/2, kwani baba mwenye mvulana na msichana angeweza vilevile kumtaja msichana. Kwa jumla, tuite q uwezekano wa baba wa aina hiyo kumtaja mvulana. Jibu huwa 1 ÷ (1 + 2q). q ikiwa 1, twapata 1/3. Ikiwa 1/2, twapata 1/2. Ikiwa 0, twapata 1. Maadamu q haikutajwa, mtahiniwa aliyeandika 1/2 hastahili kunyimwa alama.

Kiswahili chaongeza utata wake. Tukisema "mmoja wao ni mvulana" bila "angalau", wasikilizaji wengi wataelewa kwamba wa pili ni msichana, na uwezekano huwa sufuri! Kinyume chake, "kifungua mimba wake ni mvulana" hutosha: mtoto ametambulishwa, amebaki mdogo wake, na jibu ni 1/2.

Mtahini anayetaka 1/3 hana budi kuandika hivi: "Miongoni mwa familia zote zenye watoto wawili, ambazo zina angalau mvulana mmoja, familia moja imeteuliwa bila upendeleo. Je, kuna uwezekano gani kwamba watoto wake wote wawili ni wavulana?" Sentensi ni ndefu, naam, lakini q haina tena pa kujificha.