Tiki Tatu na Barua ya Mkuu wa Kituo

Wakili anajibu wasomaji wa Suguti, Bunda na Butiama kuhusu magrupu, Serikali na siri za simu

Grupu letu la kijiji limeletewa taarifa kwamba kuanzia kesho simu zote zitarekodiwa. Ukiona tiki tatu za bluu, Serikali imesoma meseji yako. Zikiwa nyekundu, subiri kukamatwa. Ni kweli? (Kusenyi. Wasomaji wa Murangi, Bunda na Butiama wameuliza hilohilo. Jibu lao ni hili.)

Ni uongo, na hiyo “kesho” inatangazwa miaka nenda rudi. Taarifa hiyo imezunguka India, ikapita Kenya, na kila inapotua hubadilishwa jina la wizara tu. WhatsApp haina tiki ya tatu. Moja, meseji imetoka kwako. Mbili, imefika. Mbili za bluu, imefunguliwa. Basi. Tangu Aprili 2016 meseji hufungwa ndani ya simu ya mtumaji na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji. Katikati hapo hata kampuni yenyewe haioni maneno. Hakuna afisa aliyekaa Dodoma akigawa tiki.

Kinachonikera ni kazi inayofanywa na uongo huu. Mzee aliyekuwa akihoji mchango wa zahanati umekwenda wapi ananyamaza kwa kuogopa tiki. Kijana akishaambiwa kwamba tiki ni uzushi, anaanza kumtukana kila mtu akidhani haonekani. Wote wawili wanalinda mlango ambao mwizi hapiti.

Siri inavuja hivi. Grupu la watu 300 lina simu 300, na skrinishoti moja inatosha. Halafu kuna steshenari. Ulikwenda mjini Musoma kuchapisha barua ya maombi ya kazi, ukaunganisha WhatsApp yako na kompyuta ya pale, ukalipa, ukaondoka na karatasi zako. Hukuitoa. Meseji zako zinaendelea kuingia pale, na kijana wa zamu anazisoma akisubiri wateja. Fungua WhatsApp sasa hivi, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, ondoa kila usichokitambua.

Na Serikali je? Haihitaji tiki, inahitaji karatasi. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kumwamuru yeyote mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi, bila kupita kwanza kwa hakimu. Soma tena: mkuu wa kituo. Polisi waliomwandama Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, hawakuvunja mtambo wowote. Waliandika barua kutaka majina ya waliochangia mijadala. Alikataa. Alikamatwa Desemba 2016, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtoza faini ya Sh3 milioni kwa kuzuia upelelezi. Kampuni yake ilikuwa imekipinga kifungu hicho Mahakama Kuu, ikashindwa mwaka 2017. Hapo ndipo mjadala wa nguvu za Serikali unapotakiwa kuwa, na hapo magrupu yetu yako kimya.

Kampuni ya simu haina maneno yako ya WhatsApp. Ina mnara uliokuwa karibu nao, umempigia nani, saa ngapi. Msidharau hayo. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti madai yaliyotolewa katika baraza la kazi la London, kwamba kampuni moja ya simu iliipa Serikali taarifa za mahali alipokuwa mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu katika wiki zilizotangulia kupigwa kwake risasi Dodoma, Septemba 7, 2017. Kwa kazi ya namna hiyo hakuna anayehitaji kusoma meseji hata moja.

Fundi simu ananiuzia WhatsApp ya GB kwa Sh5,000. Anasema Serikali haiwezi kuiingia. (Murangi)

Hiyo si WhatsApp yenyewe, ni nakala iliyotengenezwa na watu wengine. Ukiilipia, umemkabidhi usiyemjua ufunguo wa nyumba yako. Kama umeshaiweka, ifute leo.

Mimi ni admini wa grupu la wavuvi. Mwanachama akiweka uzushi, nakamatwa mimi? (Bukima)

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamlenga anayechapisha habari akijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Adhabu yake huanzia faini ya Sh5 milioni au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa hiyo kuwa admini peke yake hakukufanyi mchapishaji. Lakini ukiusambaza uzushi huo kwenda grupu la pili, umechapisha, na kuandika juu yake “kama ilivyopokelewa” si kinga. Ukiuona, ufute, mwonye aliyeuweka. Na mtu akihoji bei ya dagaa au hesabu za ushirika, usimtoe kwa woga wako. Ibara ya 18 ya Katiba inamlinda.

Nilichelewesha rejesho la mkopo wa kwenye simu. Wamewatumia watu wote kwenye simu yangu picha yangu, wananiita mwizi. Na mweka hazina wa kikundi chetu naye ameweka namba za NIDA za wadaiwa grupuni. (Butiama)

Siku zote mnaniandikia kuhusu Serikali, na wanaowavua nguo ni hawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Tunza meseji zao, jina la programu na namba zilizotumika, kisha peleka. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Angalia kama yako imo. Deni bado unadaiwa, ndugu yangu. Mweka hazina wenu mwambie azifute leo. Namba ya NIDA ya mtu si tangazo.

Kama huna baya unaloficha, unaogopa nini? (Bunda)

Bafu lako lina mlango? Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha yako.

VPN je? (wengi)

Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliwataka wanaoitumia wajisajili. Ukiwa nayo bila kujisajili, unajua unachobeba. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa, VPN ilikuwa haina pa kupita.

Nikisajili laini, wakala aliniambia nibonyeze kidole mara ya pili, eti cha kwanza hakikusoma. (Suguti)

Huenda kidole cha pili kilisajili laini nyingine kwa jina lako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, usisubiri wiki iishe: nenda duka la kampuni, si kwa wakala yuleyule, wakaifute ukiona kwa macho yako. Laini hiyo ndiyo hutumiwa kuandika “ile hela tuma kwenye namba hii”, na barua ya mkuu wa kituo ikienda kampuni, jina litakalorudi ni lako.