Fomu Moja Kutoka Kasigau Hadi Bomas: Wataalamu Wanafanya Nini Katika Uchaguzi Wetu?

Uchaguzi Mkuu ujao utafanyika Jumanne, Agosti 10, 2027. Kila unapokaribia, maswali katika mabaraza yetu huwa ni yale yale, iwe ni Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta. Je, kura yangu itahesabiwa? Kompyuta za Nairobi haziwezi kuibadilisha? Na hawa wataalamu wa teknolojia, takwimu na sheria tunaosikia wakitajwa kwenye redio, kazi yao hasa ni nini?

Somo la toleo hili linajibu maswali hayo kwa kufuata safari ya karatasi moja, Fomu 34A, ambayo hubeba matokeo ya kura za urais za kituo kimoja cha kupigia kura. Matokeo ya mbunge yana Fomu 35A, ya mwakilishi wa wadi 36A, na ya gavana 37A. Ukiielewa moja umezielewa zote.

Kwanza jambo moja liwe wazi. Serikali ya Kaunti haiendeshi uchaguzi wala haina sauti katika kuhesabu kura. Kazi hiyo Katiba imeipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, katika Kifungu cha 88. Jukumu la kaunti, chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ni elimu ya uraia, na ndiyo sababu ya makala haya.

Fomu hii ina historia ya uchungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa na malaki wakafukuzwa makwao. Mwaka 2008 iliundwa tume ya kuchunguza jinsi uchaguzi ule ulivyoendeshwa, ikiongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini. Wakenya walikaa humo pamoja na Jaji Imani Aboud wa Tanzania na Horacio Boneo wa Argentina, na katibu wake alikuwa msomi wa Denmark, Jørgen Elklit. Walichokikuta kiliwashtua wengi. Walikadiria kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na majina ya watu wapatao milioni 1.2 waliokwisha kufariki. Kasoro zilikuwa nyingi kiasi kwamba, kwa maoni yao, haikuwezekana kusema kwa uhakika nani alishinda urais. Na lawama hawakuzielekeza upande mmoja. Mambo yalikuwa yameharibika katika ngome za pande zote mbili.

Matokeo wakati huo yalisafiri kwa simu na faksi kutoka maeneobunge hadi Nairobi, na fomu zenyewe zikachelewa kufika. Katikati ya simu na fomu palikuwa na pengo, na uvumi uliingia hapo. Tume ya zamani, ECK, ilivunjwa, daftari likaandikwa upya, na Katiba ya 2010 ikaweka katika Kifungu cha 86 kwamba mfumo wa kura uwe rahisi, sahihi, salama na wenye kuthibitishika, na kwamba kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe pale pale kituoni.

Sasa tuifuate fomu. Tuseme kituo kiko katika shule ya msingi wadi ya Kasigau, na takwimu hizi ni za kubuni. Waliosajiliwa ni 640, kwa kuwa kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Upigaji kura huanza saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliye kwenye foleni wakati huo ana haki ya kupiga kura. Sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala wa wagombea. Kunapatikana kura 431, sita kati yake zimeharibika, halali ni 425. Mgombea wa kwanza ana 251, wa pili 168, wa tatu 6. Jumlisha mwenyewe: 251 na 168 na 6 ni 425, ongeza 6 zilizoharibika, ni 431, na 431 haizidi 640. Hesabu hiyo ya darasa la tatu ndiyo ukaguzi wa kwanza wa uchaguzi wa Kenya, na haihitaji shahada ya mtu yeyote.

Wakala asiyeridhika anaweza kuomba kura zihesabiwe upya, ila si zaidi ya mara mbili. Kisha msimamizi wa kituo na mawakala wanatia sahihi. Wakala akikataa kutia sahihi anatakiwa aeleze sababu, lakini kukataa kwake peke yake hakubatilishi matokeo. Kila wakala anapewa nakala, na nyingine inabandikwa mlangoni. Msimamizi anaipiga picha fomu kwa kifaa cha KIEMS, kile kile kilichosoma kidole chako asubuhi, na kuituma. Fomu halisi inapelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge, anayejumlisha vituo vyote katika Fomu 34B na kuzipeleka Nairobi. Katika chaguzi zilizopita kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura kilikuwa Bomas.

Hapo ndipo wataalamu wanaingia. Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais kwa kura nne dhidi ya mbili. Wataalamu waliotumwa na mahakama kukagua mitambo ya tume hawakupewa nafasi kamili kama ilivyoamriwa, na fomu kadhaa zilipochunguzwa zilikosa muhuri au alama za usalama. Tume pia ilikuwa imesema vituo 11,155 havikuwa na mtandao wa kutosha wa kutuma picha. Nadhani funzo la mwaka ule halijaeleweka vya kutosha hata leo: mahakama haikuhitaji kuambiwa nani ameiba. Ilitosha kwamba hesabu haikuweza kukaguliwa.

Miaka mitano baadaye tume iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti yake, kutoka vituo 46,229. Mtu aliyekuwa na simu mjini Voi aliweza kufungua fomu ya Lodwar. Vyombo vya habari vilijumlisha vyenyewe. Kundi la waangalizi wa humu nchini, ELOG, lilifanya makadirio yake kwa njia ya kitakwimu kutoka vituo vilivyochaguliwa kwa sampuli, na yakalingana na matokeo ya tume. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, mitambo na fomu vilikaguliwa chini ya usimamizi wa msajili wa mahakama. Madai kwamba fomu zilibadilishwa njiani yalikataliwa, kwa sababu zile za tovuti na zile za karatasi zililingana. Hukumu ya Septemba 5, 2022 ilikuwa ya majaji wote saba.

Lakini kumbuka kwamba mwaka huo huo makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo. Mitambo ilifanya kazi, watu ndio waliokosana. Baada ya hapo tume ilikaa bila makamishna tangu mapema 2023 hadi Julai 2025, walipoapishwa wapya wakiongozwa na Erastus Ethekon. Wakazi wa Banissa, Mandera, waliofiwa na mbunge wao Machi 2023, walisubiri uchaguzi mdogo hadi Novemba 27, 2025. Hakuna mtaalamu wa kompyuta awezaye kuziba pengo la namna hiyo.

Turudi nyumbani. Kaunti yetu ina maeneobunge manne na wadi 20, na sehemu kubwa ya ardhi imezungukwa na mbuga za Tsavo. Ushirikiano wa wataalamu hapa hauishii kwenye mitambo. Anayetoka Sagalla, Kasigau au Ngolia kabla ya alfajiri ili awahi foleni anajua habari ya ndovu, na hilo ni suala la Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kama lilivyo la tume. Kituo kilicho nyuma ya mlima kisichoshika mtandao kinahitaji kutambuliwa na Mamlaka ya Mawasiliano na kupewa njia nyingine ya kutuma fomu. Mambo haya huulizwa mapema, katika mikutano ya wadau ambayo tume huitisha, na mzee wa kijiji anajua mahali simu inapokufa kuliko ramani yoyote ya Nairobi.

Daftari nalo linahitaji jicho lako. Kabla ya uchaguzi wa 2022 kampuni ya KPMG ililikagua na kukuta majina zaidi ya 240,000 ya marehemu bado yamo. Mkaguzi hugundua kwa kulinganisha orodha na kumbukumbu za vifo. Kifo kisichoandikishwa hakionekani kwake, kwa hiyo familia inayoripoti kwa chifu na kuchukua cheti imesafisha daftari kwa jina moja.

Usajili wa wapiga kura unaendelea katika ofisi za IEBC za maeneobunge; njoo na kitambulisho cha taifa au pasipoti halali. Aliyehama, mathalan kutoka Taveta kuja kufanya kazi Voi, aombe kuhamishiwa kituo kipya badala ya kujisajili mara ya pili, kwani kujisajili mara mbili ni kosa la jinai. Na jioni ya Agosti 10, ukipita mlango wa kituo chako, fomu itakuwa imebandikwa. Ipige picha, kisha uilinganishe na ile itakayowekwa na tume. Zikitofautiana, mlalamishi ana siku saba tangu matokeo ya urais yatangazwe kwenda Mahakama ya Juu, na siku 28 kwa viti vingine.