Kabla ya Kulainisha Kilele

Unatafuta sumukuvu kwenye mahindi kwa spektrometa ya masi, na kilele chako kimezama kwenye kelele. Usikimbilie kitufe cha kulainisha. Mchoro utapendeza, lakini kelele itakuwa imejificha tu. Mpaka wa Afrika Mashariki ni mikrogramu 5 za aflatoksini B1 kwa kilo. Hapo huna nafasi ya kubahatisha.

Achana na kromatogramu ya jumla. Chomoa ioni yako peke yake. B1 iliyobeba protoni iko kwenye m/z 313.07. Kama mashine inapima masi kwa usahihi mkubwa, bana dirisha liwe ppm 5 kila upande. Ukiona kilele kimekatikakatika, umebana mno au kalibresheni imehama.

Kwa kwadrupoli tatu, fuatilia vipande viwili: 285 na 241. Viinuke na kushuka wakati mmoja, na uwiano wao ufanane na wa standadi. Tofauti ikizidi asilimia 30, usikiamini kilele hicho.

Sasa pitisha kiyeyushi kitupu, kisha soma masi zinazojitokeza. 149 ni fthaleti za plastiki. 371 ni siloksani. Kwenye kromatografia ya gesi, 207 na 281 zinazopanda pamoja na joto ni kolamu inayochakaa. Hizi haziondolewi na programu. Badilisha chupa, kiyeyushi au kolamu.

Hesabu nukta kwenye kilele. Zikipungua 10, umbo lake si la kutegemea. Punguza ioni unazofuatilia kwa mpigo, urudie.

Adui mkubwa kwa mahindi ni mahindi yenyewe: mafuta na mengineyo hutoka pamoja na B1 na kuinyima chaji. Kama una pesa kidogo, ziweke hapa. Nunua B1 ya kaboni-13, inayoonekana kwenye m/z 330. Tia kiasi kilekile kwenye dondoo la mahindi na kwenye kiyeyushi kitupu. Kilele chake kikiwa nusu kwenye mahindi, ujue nusu ya ishara yako inamezwa. Zimua dondoo mara tano, upime tena. Mara nyingi kilele hakishuki kwa kiasi hicho, na kelele inatulia.

Hapo sasa lainisha ukitaka, kwa Savitzky-Golay, dirisha likiwa dogo kuliko nusu ya upana wa kilele. Sampuli na standadi zipate mipangilio ileile. Weka mchoro ghafi juu ya uliolainishwa. Urefu ukishuka, punguza dirisha. Kelele ipime pembeni mwa kilele, kwenye data ghafi. Ishara ikiizidi mara 3, unaweza kusema B1 ipo. Kutaja kiasi, subiri ifike mara 10.