Hukuwaambia kwamba umefiwa

Shangazi,
Naandika programu katika kampuni moja hapa Wote. Printa ikikwama naitwa mimi, mgeni kazini namfundisha mimi, mtandao ukikatika usiku naamshwa mimi. Silipwi kwa hayo na sijawahi kukataa. Mwezi uliopita tulikuwa Kitui tukimzika nyanya. Simu ikaita, nikatoka kando ya kaburi nikamwelekeza mtu wa uhasibu jinsi ya kubadilisha nywila. Hakujua niko wapi. Kazini niliaga kwamba nina shughuli za nyumbani. Nimechoka. Niache kuwasaidia?
Mchovu, Wote

Mwanangu, pole kwa msiba. Mwombe mkubwa wako agawe kazi hizo; Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Sasa niambie: “shughuli za nyumbani” ndizo zipi? Nyanya yuko ndani ya jeneza, nawe unaaga kama mtu anayekwenda mnadani kununua mbuzi! Yule wa uhasibu hakukuvunjia heshima. Ulimficha msiba, kisha ukamhesabia kosa. Wenzako wangechanga, wangekodi matatu, wangesimama nawe pale kaburini. Hukuwapa nafasi.

Wewe ni Mkamba, mwethya, ile kazi ya kusaidiana kwa zamu, unaujua. Siku ya kuchimba fanya juu shambani kwetu Mbooni, mama aliamka alfajiri kubandika sufuria ya muthokoi. Majirani wakaja na majembe, wakachimba mtaro huku wakitupa udongo upande wa juu, mpaka tuta likasimama. Wiki iliyofuata mama naye akabeba jembe lake kwenda kwa jirani. Jasho peke yake halifanyi mwethya. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya kusema, “Njooni mnisaidie.” Wewe umelima mashamba ya watu wote, na sufuria yako hujaibandika hata siku moja.

Nadhani unaogopa. Unaogopa kwamba ukiomba utanyimwa, na hapo utajua kuwa unatumiwa tu. Omba, ujue. Anayetoa bila kupokea hachoshwi na kazi. Huchoshwa na upweke.

Usiache kusaidia. Jumatatu waambie: “Nilimzika nyanya yangu, na sikuwaambia.” Kisha mfundishe mmoja wao kubadilisha nywila, umwombe akushikie simu Jumamosi. Nenda Kitui. Atakayetaka kufuatana nawe, mkubalie; udongo wa kaburi ungali mbichi, na kupeana pole hakujapitwa na wakati.