Mwanafunzi Mwenye Vyuma vya Meno Katika Bendi ya Shule

Mwalimu wa muziki aweza kumkuta bendini mtoto aliyefungwa vyuma vya kunyoosha meno. Asiharakishe kumwondoa. Yampasa kwanza aelewe tatizo lenyewe. Mpiga tarumbeta hukigandamiza chombo midomoni. Hivyo nyama ya mdomo husagwa kati ya chuma na chuma. Sauti za juu zikimshinda, mtoto huzidi kugandamiza, na kidonda huzidi.

Mwalimu na afuate utaratibu huu:

1. Mwanafunzi aanze na sauti za chini, kwa dakika 5 hivi, kisha apumzike.
2. Azoezwe kutegemea pumzi, wala si nguvu ya mkono.
3. Vyuma vinavyochoma vifunikwe kwa nta laini ya daktari wa meno.
4. Siku vyuma vinapokazwa, apige ngoma au aimbe noti.

Vyuma vikiondolewa, midomo huhitaji kuzoea upya. Mwalimu awe na subira.

Kwa kawaida vyuma huvaliwa mwaka 1 hadi 3. Bali mtoto aliyefukuzwa bendini huenda asirudi kamwe.