Uuguzi Uliotoka Wodini Ukaingia Mtaani

Wengi wetu hapa chuoni tumezaliwa karibu na 2004, mwaka ambao dawa za ARV zilianza kutolewa bure nchini. Ndiyo maana tukisikia "huduma kwa wagonjwa nyumbani" tunaona ni stori za zamani.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Haikuchukua muda wodi za Dar nazo zikaelemewa, na kwa kuwa dawa hazikuwepo, mgonjwa aliruhusiwa arudi nyumbani. Nyumbani kwenyewe ni chumba kimoja cha kupanga Mbagala au Manzese, maji ya kununua kwa ndoo, na anayeuguza ni binti aliyeacha shule. Watu wakajipanga. Mwaka 1989 Theresa Kaijage alianzisha WAMATA. Mwaka 1992 kikundi kidogo cha watu wenye VVU kilibisha hodi kwa Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, ikazaliwa PASADA, ambayo makao yake yako Chang'ombe, Temeke, na haimuulizi mtu dini yake.

Nesi mmoja hawezi kumaliza Temeke kwa miguu. Kwa hiyo majirani walifundishwa kuwa wahudumu wa kujitolea. Mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Mkobani alibeba sabuni, glavu na dawa ya vidonda vya mdomoni. Glavu zikiisha, alivaa mifuko ya rambo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha ndugu: kumgeuza mgonjwa ili mgongo usichubuke, kumnywesha maji ya chumvi na sukari akiharisha. Na alivaa khanga tu kama mgeni wa kawaida, maana gari lenye nembo likisimama mlangoni, mtaa mzima umeshajua.

Nilimuuliza walikuwa wanamlipa ngapi. Akacheka: "Nauli, mwanangu. Ikiwepo."

Hapa ndipo ninapokwama. Tunasifu "jamii", kumbe tunamaanisha wanawake waliofanya kazi ya uuguzi bila mshahara. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, wahudumu wa aina hii walikuwa miongoni mwa waliotikisika. Serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Mimi kwenye mpango huo natazama kitu kimoja kwanza: posho inatoka mfuko gani, na mfadhili akiondoka nani ataijaza.